Zulia linalofulika, nyumba yenye watoto na wanyama: niangalie nini?

Mama_Wawili

Wakuu, habari za leo. Natafuta zulia la sebuleni, sakafu ni vigae. Ndani kuna mtoto wa miezi 8 anayetambaa, mwingine wa miaka 4, paka mmoja, na mbwa mdogo ambaye bado hajajua haja inafanyiwa wapi. Mashine ya kufulia ni ya mlango wa mbele, kilo 7. Nataka zulia la mita 2 kwa 3. Tatizo ni kwamba kila zulia limeandikwa "linafuliwa kwa mashine", lenye manyoya marefu na lililo bapa kama mkeka, yote sawa. Nichague kwa kuangalia nini hasa? Na mkojo ukishaingia, unatoka kweli au ndiyo basi?

Pindo_Tatu

Anza na mashine, zulia lije baadaye. Hizo kilo 7 ni za nguo kavu za pamba, vitu vinavyopinduka na kuachiana nafasi. Zulia ni kipande kimoja. Likishakunywa maji linalala upande mmoja wa pipa, mashine inajaribu kukamua, inatikisika, inakata tamaa, nawe unabaki na zulia linalochuruzika mlangoni. Kwa kilo 7 usivuke zulia la kilo 4 hivi likiwa kavu.

Piga hesabu. Zulia bapa lenye mgongo mwembamba wa raba huwa na kilo 1 hadi 1.3 kwa kila mita ya mraba. La 1.2 kwa 1.8 ni kama kilo 2 na nusu, linaingia bila ugomvi. La 1.6 kwa 2.3 liko ukingoni. La 2 kwa 3 ni mita za mraba 6, kwa hiyo kilo 6 mpaka karibu 8, na hilo haliingii hata kibandiko kiseme nini. Kibandiko hakikudanganyi, ila hakijui mashine yako ina pipa la ukubwa gani.

Muuzaji asipojua uzito, libebe upande nalo kwenye mizani ya mwili, kisha toa uzito wako. Halafu liviringishe likiwa kavu na ulifikirie ndani ya pipa: juu yake lazima ubaki upana wa kiganja. Usipobaki, maji hayatapita katikati ya zulia, utaosha ganda la nje tu.

Ukiing'ang'ania 2 kwa 3, ningenunua mawili ya 1.5 kwa 2 yenye rangi moja, niyapange ubavu kwa ubavu. Eneo ni lile lile, na kikichafuka kipande kimoja unafua hicho hicho. Kwa ukubwa huo chagua bapa kabisa ili kila moja lisipite kilo 4.

Kitanzi

Pindo_Tatu amemaliza habari ya uzito. Mimi niongeze nyuzi na kucha.

Paka na mbwa hawaendani na zulia la vitanzi, yaani lile ambalo uzi unatoka, unazunguka na kurudi bila kukatwa. Ukucha ukiingia kwenye kitanzi kimoja, paka akivuta mguu, uzi unafunguka mstari mzima na kuacha njia kama mfereji. Kabla hujanunua, chukua pini ya nywele, ipitishe juu ya zulia taratibu. Ikinasa, rudisha zulia. Unachotaka ni lililofumwa bapa na kukaza, au lenye manyoya mafupi yaliyokatwa, yasiyozidi milimita 10. Marefu zaidi ya hapo yanahifadhi makombo na nywele za mbwa hadi chini, na hayakauki upesi. Uzi ukishavutwa, usiumalizie kuutoa. Ukate kwa mkasi usawa na wenzake.

Nyuzi zenyewe: polipropilini, ambayo ni plastiki, karibu hainywi maji, hivyo juisi na mkojo vinabaki juu ya uzi. Rangi yake mara nyingi huchanganywa kwenye plastiki kabla haijavutwa kuwa uzi, ndiyo maana haichuji ovyo. Adui zake ni mafuta, ambayo huyashika, na joto, maana huyeyuka karibu na sentigredi 160 na hulainika kabla ya kufika hapo. Poliesta ni laini zaidi kwa magoti ya mtoto na hukauka haraka, ila nywele za paka huipenda mno. Pamba ni nzuri kuigusa, lakini inakunywa maji, inakuwa nzito, na ukiifua kwa maji ya moto inarudi fupi. Sufu ikikutana na joto na msukosuko hujibana na kugeuka kama kofia ya sufu. Viskosi, ile inayong'aa na kuuzwa kama hariri, iache kabisa: ikilowa nguvu zake zinapungua, na doa la maji matupu linaweza kuacha alama ya njano. Juti, ile ya magunia, nayo hugeuka kahawia kwa maji tu.

Matamvua usiyachukue. Mtoto anayatia mdomoni, mbwa anayatafuna, na ndani ya mashine yanasokotana.

Sasa geuza zulia, tazama mgongo, kwa sababu mafuo mengi yanaua mgongo kabla ya kuua uso. Kunja kona, mgongo ukiwa nje, ubonyeze kwa kidole gumba. Ukiona nyufa nyeupe au unga unabaki kidoleni, raba hiyo haifiki mbali. Lateksi, yaani hiyo raba ya mgongo, haipendi joto la mashine ya kukaushia wala jua kali. Inakakamaa, inapukutika chembe chembe, na chembe hizo ndizo utakazozikuta kwenye chujio la mashine.

Wenye sakafu ya plastiki (wewe una vigae, umepona): mgongo wa raba huacha doa la njano linalopenya ndani ya plastiki yenyewe. Halitoki kwa kusugua.

Pindo_Tatu

Kweli kuhusu mgongo. Kwa ajili ya mtoto anayetambaa, ukikuta alama ya OEKO-TEX Standard 100 (kwamba kitambaa kimepimwa kemikali zenye madhara), angalia daraja. Daraja la I ndilo la vitu vya watoto hadi miaka 3. Na zulia linalojisifu kwamba maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba, uliza limepakwa nini. Zipo dawa za kuzuia madoa zenye florini, na kwa mtoto anayelamba kila kitu mimi singezihitaji.

Nukta

Kwa nini hakuna aliyetaja ya vipande viwili, tandiko la chini linabaki sakafuni na kitambaa cha juu kinabanduliwa na kufuliwa? Kitambaa cha juu hakina raba, kwa hiyo 2 kwa 3 inaweza kuingia kwenye mashine ya kilo 7.

Kitanzi

Yanafaa, ila ujue yanapochokea. Kitambaa hushikwa na vijino vya velkro, na vijino hivyo hukusanya nywele za mbwa mpaka havishiki tena. Inabidi uvichane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu kila unapobandua. Pili, mtoto wa miaka 4 akigundua kona inabanduka kwa mlio, atabandua kutwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, mkojo mwingi hupita kitambaa ukaingia kwenye tandiko, ambalo haliingii mashineni. Kabla ya kununua, hakikisha tandiko lina uso usiopitisha maji. Kama ni sponji tupu, umenunua sponji ya mkojo.

Mama_Wawili

Asanteni sana. Nimeelewa, nachukua mawili ya 1.5 kwa 2, poliesta, manyoya mafupi. Bado swali la mkojo.

Nukta

Mkojo unatoka, mradi usikosee dakika za mwanzo.

Kwanza nyonya, usisugue. Weka kitambaa cheupe kikavu kilichokunjwa, kisimamie kwa uzito wako wote, badilisha upande mkavu mpaka kitambaa kisilowe tena. Kusugua kunapeleka mkojo pembeni na kuvuruga manyoya. Kisha mimina maji baridi kama kikombe kimoja, nyonya tena. Maji ya moto hapana, si kwa mkojo, si kwa maziwa, si kwa damu: joto linaigandisha protini kwenye uzi.

Halafu dawa yenye vimeng'enya (enzymes), inayovunjavunja uchafu wa mkojo. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kupuliza kidogo juu juu. Mkojo husambaa chini kuliko unavyoonekana juu. Doa likiwa la kiganja, lowesha eneo mara mbili ya hilo, mpaka dawa ifike mgongoni ulikofika mkojo. Funika kwa kitambaa kibichi ili isikauke, uache muda uliotajwa kwenye chupa. Vimeng'enya vikikauka vinaacha kazi. Siki inapunguza harufu ya amonia, lakini chumvi za asidi ya uriki zilizomo kwenye mkojo haziyeyuki kirahisi hivyo. Siku yenye unyevunyevu harufu inarudi na mbwa anarudi pale pale. Sabuni yenye amonia nayo usitumie: inanuka kama mkojo, itamrudisha mbwa pale pale. Na dawa ya klorini usiimwage juu ya mkojo: zikikutana zinatoa hewa yenye sumu, mbali na kuua rangi.

Baada ya hapo ndipo mashine. Likung'ute nje, lifyonze vumbi pande zote mbili, kwa maana nywele zikilowa zinakuwa bonge na kuziba chujio. Sentigredi 30, mzunguko wa taratibu, nusu ya sabuni ya maji unayotumia kwa nguo, suuza mara mbili. Sabuni iliyobaki kwenye uzi inanata, na zulia linachafuka haraka kuliko kabla hujalifua. Dawa ya kulainisha nguo usitie, inafanya mgongo uteleze. Kukamua mizunguko 600 hadi 800 kwa dakika inatosha. Rangi nyeusi au nyekundu, kabla ya fuo la kwanza sugua kona kwa kitambaa cheupe kibichi nusu dakika uone kama linachuja.

Pindo_Tatu

Na kuanika. Usilitundike kwenye kamba moja, mgongo utavunjika pale pale kwenye mkunjo. Tumia kamba mbili zilizoachana sentimita 40 hivi, zulia lilale juu yake, kivulini penye upepo, baada ya saa kadhaa uligeuze. Pembe na upindo ndivyo hukauka mwisho. Kabla ya kulirudisha, bana upindo kwa karatasi ya shashi ukiwa umeukandamiza vizuri. Shashi ikipata unyevu hata kidogo, liache usiku mzima zaidi. Zulia bichi juu ya vigae halina pa kupumulia, na harufu ya ukungu utakayoisikia siku ya tatu utadhani ni mbwa.

Mama_Wawili

Na nilifue kila baada ya muda gani?

Pindo_Tatu

Likichafuka. Kama hakuna ajali, wiki 6 hadi 8. Katikati fyonza vumbi mara 2 au 3 kwa wiki. Kila fuo linakula mgongo kidogo.