Bwawa la kuogelea lililopitiwa na baridi ya kugandisha: nikague nini kabla ya kuwasha pampu?

Mlinda_Bwawa:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Juma lililopita halijoto ilishuka chini ya nyuzi 0 kwa siku tatu mfululizo, na usiku wa kwanza tu umeme ukakatika, hivyo pampu iliyokuwa ikizungusha maji ili yasigande ikasimama. Asubuhi nilikuta tabaka la barafu juu ya bwawa, na maji yaliyobaki ndani ya pampu yalikuwa yameganda pia. Sasa barafu imeyeyuka na umeme umerudi, lakini sijathubutu kuwasha kitu. Kwa macho sioni ufa, isipokuwa vigae viwili vya ukingoni vimebanduka. Jirani ananishauri nimwage maji yote ili niikague sakafu. Je, ni sawa? Na ikiwa kuna bomba lililopasuka chini ya ardhi, nitalitambuaje?

Fundi_Mabomba:
Ndugu, kutowasha ndiko kulikokuokoa hadi sasa. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamefungiwa ndani ya chombo yasipate pa kwenda, hukipasua chombo chenyewe. Ufa huo hauonekani wakati barafu ingali ndani, kwa sababu barafu yenyewe ndiyo inayouziba. Huonekana barafu inapoyeyuka, na mara nyingine hujitokeza pale tu presha inapopanda.

Zima umeme wa pampu kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha saa inayoiwasha na kuizima pampu pekee, kisha ukague vifaa vya juu ya ardhi, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoumia kwanza. Fungua kifuniko cha kikapu cha pampu, utoe kikapu na upapase kuta za ndani kwa vidole, hasa upande wa chini kwenye vizibo vya kutolea maji. Usiusahau mpira wa kuzibia wa kifuniko. Ukiwa umekakamaa au umekatika, pampu itavuta hewa nawe utadhani bomba limepasuka. Kwenye chujio, tazama mshipi unaoshikilia nusu mbili za tangi, geji ya presha, na valvu yenye mpini wa kubadilishia njia za maji. Hita ikague kwa makini kuliko vyote: mabomba yake ya ndani ni membamba, na yakipasuka, gharama yake huzidi ile ya pampu.

Kumbuka pia kwamba chujio ni chombo cha presha. Siku ya kuwasha, fungua kwanza valvu ya kutolea hewa iliyo juu yake, ukae mbali nalo pampu inapoanza, wala usiliinamie hata kidogo.

Mzee_wa_Vigae:
Kuhusu ushauri wa jirani yako, naomba usiufuate. Uzito wa maji ndio unaolikandamiza bwawa mahali pake. Barafu ikishayeyuka, ardhi hujaa maji, na ukilimwaga bwawa wakati huo, maji ya ardhini yatalisukuma kutoka chini. Bwawa la fibaglasi laweza kuinuka lote, na hata la zege hupasuka au kuinuka. Nimewahi kuitwa kurekebisha ukingo wa bwawa lililoinuka namna hiyo, na kwa kweli hapakuwa na cha kurekebisha.

Vigae viwili visikutie hofu. Gonga vilivyosalia kwa mpini wa bisibisi. Kinachotoa mlio wa uwazi kimeachana na ukuta. Ila chunguza vilipobanduka: ikiwa ufa unaendelea ndani ya zege lenyewe, hilo ni jambo jingine kabisa.

Mlinda_Bwawa:
Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimekagua kama mlivyoelekeza. Pampu ni nzima, hita haidondoshi maji, lakini chini ya valvu ya chujio kuna mstari mwembamba kama unywele, nao hulowa kila ninapoupangusa. Je, gundi ya mabomba itatosha? Na swali langu la mabomba ya ardhini bado linanisumbua.

Fundi_Mabomba:
Hapana, gundi haitafaa. Gundi hiyo huunganisha bomba na kiungo chake. Haikutengenezwa kuziba ufa wa chombo kinachobeba presha. Badilisha kiwiliwili cha valvu.

Ndoo_na_Kalamu:
Kuhusu mabomba, jaribio la ndoo halihitaji fundi. Jaza ndoo maji ya bwawa, uiweke juu ya ngazi ya bwawa ili sehemu kubwa yake izame, kisha utie alama usawa wa maji ndani ya ndoo na usawa wa bwawa kwa nje. Subiri saa 24 pampu ikiwa imezimwa. Maji yote mawili hupungua kwa mvuke, lakini bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Ukishafunga valvu mpya, rudia jaribio pampu ikifanya kazi. Likishuka zaidi pampu inapofanya kazi, tuhumu mabomba yanayorudisha maji bwawani, maana hayo ndiyo yenye presha. Ukiona mapovu ya hewa yakitoka kwenye matundu ya kurudishia maji, tuhumu upande wa kuvuta, yaani mabomba yanayopeleka maji kwenye pampu. Mvua ikinyesha, anza upya.

Jambo moja zaidi: likivuja na maji yakasimama yenyewe kwenye usawa wa tundu la ukingoni linalonyonya takataka, basi mahali pa kuanza kutafuta ni hapo hapo. Dondosha rangi kidogo karibu na maungio yake maji yakiwa yametulia. Rangi itavutwa kuelekea kwenye ufa.

Mlinda_Bwawa:
Ndoo nimeiweka leo saa mbili asubuhi, na valvu nimeiagiza. Kesho saa kama hii nitaleta vipimo vyote viwili.

Mlinda_Bwawa:
Matokeo ni haya: ndoo imepungua milimita 4, bwawa milimita 5. Tofauti hii naiona ndogo mno kuihukumu, kwa hiyo nitarudia kwa saa 24 nyingine kabla ya kumwita mtu wa kupima mabomba kwa presha.