Hatchback ya dizeli, km 187,000: fundi anasema turbo imekufa. Nibadilishe au niiuze?

Mgeni wa Dizeli (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Maisha yangu yote nimeendesha petroli. Miezi mitano iliyopita nikanunua hatchback ya 2011, injini ya dizeli lita 1.6 yenye turbo (ile feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), gia za mkono. Kampuni siitaji, sitaki uzi ugeuke ligi ya mashabiki. Nilivutiwa na ulaji wake mdogo wa mafuta na, niseme ukweli, na bei. Sasa naanza kuelewa kwa nini bei ilikuwa tamu vile.

Ikipanda mlima inachoka ghafla, taa ya injini inawaka, na kuanzia hapo haivuki mizunguko 3,000. Nikizima na kuwasha inarudi sawa, mpaka mlima mwingine. Nikikanyaga mafuta kwa nguvu nasikia sauti kama nyoka anapuliza huko mbele, na nyuma namwaga moshi mweusi. Ikiwa imesimama bila gia ina kelele ya kopo lenye misumari, nikikanyaga klachi inanyamaza. Kinachonishangaza zaidi ni oili: haipungui, inaongezeka! Niliacha katikati ya alama mbili za kijiti, sasa imepita alama ya juu kama sentimita moja. Mwanzoni nilifurahi, nikajua nimepata injini isiyokula oili.

Fundi alichomeka mashine, zikatoka kodi mbili za hitilafu, P0299 na P2463. Akasema turbo imekufa, ninunue mpya, na DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi, limeziba, tulitoboe. Matumizi yangu ni kazini na kurudi, kilomita 6 kila upande.

Kwa kuwa humu tumetawanyika nchi mbalimbali, msinipe bei kwa sarafu. Nipimieni kwa servisi: servisi moja ya oili na machujio yote tuiite 1. Turbo ni servisi ngapi? Na ni magonjwa gani mengine yananisubiri?

Nozeli Nne

Mkuu, kabla ya yote: usiiwashe tena hiyo gari mpaka umwage hiyo oili. Nimesoma hapo kwenye kijiti nikasimama.

Oili haizai. Kilichoongezeka humo ni dizeli. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi, beringi za turbo na za krenki zinakosa ulinzi. Na ikizidi sana, injini inaweza kuanza kuivuta kupitia mfumo wa hewa na kuiunguza kama mafuta. Hapo utageuza ufunguo kuzima, na injini itaendelea kupanda mizunguko yenyewe, kwa sababu dizeli haihitaji cheche ya plagi; inahitaji hewa na kitu cha kuungua tu. Nimeliona mara moja, gari ya jirani. Kilichomwokoa ni gia: akaingiza gia ya juu kabisa, akakanyaga breki kwa nguvu zote, akaachia klachi, injini ikafa. Tulikaa kimya dakika nzima.

Petroli Daima

Iuze. Nilishasema kwenye uzi mwingine, dizeli kuukuu ni mkopo usio na tarehe ya mwisho 😂

Mzee wa Spana

Mwanangu, usimsikilize huyo, na fundi wako msikilize nusu.

P0299 maana yake ni kwamba upepo unaofika injini ni mdogo kuliko kompyuta inavyotarajia. Basi. Haisemi turbo imekufa. Turbo ni mtuhumiwa mmoja kati ya wanne au watano, na ndiye ghali kuliko wote, ndiyo maana baadhi ya mafundi humpenda. Wewe mwenyewe umetupa jibu: sauti ya nyoka na moshi mweusi. Kati ya turbo na injini kuna mabomba ya mpira yanayopitia intakula, ile rejeta ndogo ya kupoza upepo. Mpira ukipasuka, upepo unatorokea hapo. Kompyuta imepima hewa iliyoingia na kutoa dizeli ya kutosha hewa hiyo, lakini hewa haikufika. Mafuta mengi, hewa kidogo: moshi mweusi. Mpasuko mara nyingi uko upande wa chini, usioonekana, na huachia utando wa oili kuzunguka kidonda. Pitisha mkono. Gereji yenye mashine ya kupuliza moshi ndani ya mabomba itauona kwa dakika chache.

Sasa angalia mnyororo wake. Moshi mweusi ni masizi, na masizi yanajaza DPF. Dizeli ya 2011 ya soko la Ulaya inalo karibu kila mara, kwa kuwa Euro 5, kanuni ya Ulaya ya moshi wa magari, iliyoanza kwa modeli mpya 2009 na kwa magari yote mapya ya abiria 2011, ilibana masizi kiasi kwamba bila hilo chujio ni vigumu kupita. Likijaa, kompyuta hulisafisha kwa moto: hupuliza dizeli ya ziada kwenye silinda baada ya ule mlipuko wa kawaida, ili ekzosi ipande mpaka karibu nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji injini ya moto na mwendo usiokatika wa dakika kadhaa. Wewe unaenda kilomita 6 halafu unazima. Zoezi linakatika, kesho linaanza upya, linakatika tena. Na ile dizeli ya ziada inateremka kwenye kuta za silinda kila siku hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo hiyo unayoiona kwenye kijiti.

Kwa hiyo P2463, oili kupanda na moshi ni ugonjwa mmoja, na huenda chanzo chake ni kipande cha mpira. Kelele ya klachi ni kesi nyingine, nitairudia nikipata nafasi.

Mgeni wa Dizeli

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo nikibadilisha mpira, DPF itajisafisha yenyewe?

Mzee wa Spana

Marahaba. Inategemea imejaa kiasi gani. Fuata mpangilio huu: mpira kwanza, halafu oili mpya na chujio lake, halafu ndipo chujio la masizi. Ukisafisha chujio wakati mpira bado umepasuka, utalijaza tena. Oili iwe ile ya majivu machache inayotajwa kwenye kitabu cha gari, maana masizi yanaungua lakini majivu hayaungui, hukaa humo milele. Kisha safari ndefu, injini ikizunguka kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika ishirini au zaidi bila kusimama. Kompyuta ikikataa, fundi analazimisha kwa mashine, gari likiwa nje, mbali na majani makavu. Ekzosi inakuwa ya moto kweli.

Laki Tatu

Nina dizeli ya aina hiyohiyo, inakaribia 300,000. Kwa kipimo cha mleta uzi, hivi ndivyo ilivyonitoka mfukoni, kila mtu na bahati yake.

Mpira wa upepo ni nusu servisi, na hapo ni pamoja na ufundi. Kusafisha vavu ya EGR, ile inayorudisha moshi kwenye injini na kuziba kwa lami nyeusi, ni servisi moja, na nimeshafanya mara mbili. Washa, yaani vile vipete vya shaba chini ya nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda: zikivuja utasikia chuf-chuf asubuhi, na ukifungua utakuta lami ngumu imezunguka nozeli. Washa zenyewe ni senti, lakini nozeli zangu zilikuwa zimeng'ang'ania, fundi akahangaika siku mbili; ikafika servisi tatu. Turbo iliyokarabatiwa, pamoja na kuifunga, sita. Nozeli nne zilizokarabatiwa, saba. Klachi na flaiwili yake, lile gurudumu zito linaloshikana nayo, tisa.

Kitu pekee kinachoniogopesha ni pampu ya presha kubwa. Hiyo ikianza kujisaga inatoa unga wa chuma, na unga unaenda kwenye reli, lile bomba linalogawa dizeli, kwenye nozeli, unarudi hadi kwenye tangi. Huwezi kubadilisha pampu peke yake, unasafisha au kubadilisha mfumo mzima. Sijawahi kulipa, ila niliwahi kupewa hesabu ya gari nyingine, ilikuwa zaidi ya servisi ishirini. Na njia rahisi ya kuiua ni kutia petroli kwa makosa. Wewe uliyezoea petroli, andika kwenye kifuniko cha tangi kwa kalamu nene. Ukikosea USIWASHE, hata switchi usifungue.

Nozeli Nne

Naongezea kwa Laki Tatu: usikubali nozeli zibadilishwe kwa kukisia. Kuna kipimo cha chupa nne. Unachomeka mipira kwenye njia ya marejeo ya kila nozeli, injini inanguruma dakika chache, unalinganisha. Inayojaza chupa kuliko wenzake ndiyo mgonjwa. Nimewahi kuepuka kununua nne nikanunua moja. Na ikiwekwa mpya, injini nyingi zinataka kodi iliyoandikwa kichwani mwa nozeli iingizwe kwenye kompyuta. Fundi akikuambia haina haja, muulize kitabu kinasemaje.

Mabomba ya chuma ya presha usiyaguse injini ikiwa inawaka. Humo presha inavuka bar 1,000, inatoboa ngozi.

Petroli Daima

Wakuu mnamzungusha. Atoboe DPF, aipange kompyuta isiitafute, shida kwisha. Nina rafiki kafanya, gari inaruka.

Kijiti cha Oili

Inaruka na inamwaga masizi kwa watoto walio nyuma yake. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2012; si porojo za washindani. Na nchi nyingi gari lisilo na chujio lake halipiti ukaguzi. Zaidi ya hapo, kwa mleta uzi kutoboa kusingetibu chochote. Mpira ungebaki umepasuka, na nguvu isingerudi mlimani.

Ila Petroli Daima ana hoja moja aliyoisema vibaya. Mtu wa safari za kilomita 6 hakupaswa kununua dizeli yenye chujio. Mkuu, usipoweza kuipa safari ndefu kila wiki mbili hivi, tatizo litarudi hata ukibadilisha injini nzima.

Mgeni wa Dizeli

Limeniingia hilo. Wazazi wako kilomita 140 kutoka kwangu, nilikuwa nawatembelea mara mbili kwa mwaka. Naona gari imeamua nionekane mwana mwema.

Mzee wa Spana

Nimerudi kwa ile kelele. Mlio ukianza unapokanyaga klachi, mshuku beringi ya klachi. Ukipotea unapokanyaga, kama wako, ni beringi ya shafti ya gia boksi au flaiwili. Dizeli nyingi za siku hizi zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi katikati, ya kumeza mitikisiko ya injini. Springi zikichoka, husikika injini ikizunguka taratibu, na ukizima gari hugonga "ngo-ngo" mara mbili tatu. Unasikia hilo?

Mgeni wa Dizeli

Nasikia kidogo, asubuhi tu.

Mzee wa Spana

Basi usikimbilie. Subiri klachi yenyewe ianze kuteleza, kisha badilisha vyote kwa pamoja, maana gharama kubwa ni kushusha gia boksi. Anayebadilisha klachi akaacha flaiwili iliyochoka atalipia ushushaji mara mbili. Lakini ukisikia kishindo kikubwa au pedali inatetemeka, hapo usisubiri.

Kijiti cha Oili

Hivi hakuna aliyeuliza kuhusu mkanda wa taimingi, ule unaofanya vavu na pistoni ziende pamoja? Tunajadili mipira na moshi wakati kitu kinachoweza kuua injini kwa sekunde moja hatujui umri wake. Mkanda ukikatika, pistoni zinakutana na vavu. Muuzaji alikuonyesha karatasi?

Mgeni wa Dizeli

Karatasi hapana. Alisema ulibadilishwa "juzijuzi" alipofikisha 150,000.

Kijiti cha Oili

Juzijuzi bila karatasi ni hadithi. Badilisha, pamoja na tensheni zake na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huohuo. Mkanda unazeeka kwa miaka pia, si kwa kilomita tu.

Mgeni wa Dizeli

Wakuu, mrejesho baada ya siku tisa.

Nilibadilisha gereji. Moshi ulipopulizwa ulitokea chini ya mpira unaotoka kwenye intakula, ufa wa urefu wa kidole, upande ambao huwezi kuuona bila kuinua gari. Turbo ilikaguliwa, shafti haichezi zaidi ya kawaida, haijaguswa. Oili iliyomwagwa ilikuwa nyembamba kama maji na inanuka dizeli waziwazi. Mpira, oili, machujio na kufuta kodi, jumla imekuja servisi moja na nusu. Ile turbo mpya niliyopigiwa hesabu mwanzo ilikuwa nane.

Nikaenda kwa wazazi. Mlima uliokuwa unanishinda nimepanda kwa gia ya nne. Kiasi cha masizi kwenye mashine kilikuwa asilimia 81 kabla ya safari, niliporudi 22. Oili nimepima leo, iko palepale nilipoiacha. Kelele ya misumari bado ipo, nimeamua kuishi nayo.

Petroli Daima

Hongera. Bado ningeiuza.

Kijiti cha Oili

Na mkanda?

Mgeni wa Dizeli

Umebadilishwa jana na pampu ya maji, servisi nne na kidogo. Wa zamani fundi kanipa nikauone. Una nyufa ndogondogo mgongoni, na pembeni umeandikwa mwaka wa kutengenezwa: 2011.