Kikundi: NYUMBANI MAKORORA

*Jumatano*

Da Zuhura 06:42
Asalaam aleykum ndugu zangu. Gari la Baba. Dalali wa Chumbageni kaja jana na fundi wake, anatoa milioni 2.2 lilivyo, analivuta mwenyewe. Anataka jibu kabla ya Jumamosi. Naomba kila mtu aseme.

Da Zuhura 08:15
Naona mmesoma wote. Semeni basi.

Hamisi 08:31
W/salaam dada. Mimi nilikuwepo. Fundi kachomoa stiki ya oili, imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi imekwenda, maji yanaingia kwenye oili. Hedi ifunguliwe ipimwe kama imepinda.

Da Zuhura 08:40
Gasketi, hedi kusawazishwa kwa mashine, rejeta, oili na ufundi: laki 9. Hapo bado betri, shokapu za mbele na matairi mawili. Corolla 110 namba A, hata likiwaka vizuri, kwa Tanga hii tukipata milioni 4 tushukuru. Nani anatoa laki 9 leo? Kama hayupo, tuuze lilivyo. Masika hiyo inakuja na gari linaoza chini ya mwembe. Linaniuma, Baba alilipenda.

Shaban 09:58
Tufuge kuku humo. Kioo cha nyuma hakipandi, hewa watapata

Mwanahawa 09:59
😂😂😂

Shaban 10:01
Jogoo mbele, afunge mkanda

Da Zuhura 10:07
Shaban, nimeangalia madeni ya maegesho. Gari linadaiwa 68,500, yote Kariakoo. Nani alikuwa nalo Kariakoo?

Mwanahawa 10:08
Jogoo huyo 😂

Kaka Athumani 12:50
Litengenezwe kwanza. 2.2 ni kulitupa. Injini ile 5A haifi ukiitunza.

Da Zuhura 12:53
Ilikufa Soni, kaka. Mshale ulikuwa kwenye nyekundu tangu Mombo, na wewe unapandisha mlima tu. Baba alikwambia simama ipoe.

Kaka Athumani 12:55
Zuhura usianze. Tukianza kuhesabiana tutafika Pongwe.

Da Zuhura 12:55
Pongwe inaingiaje hapa?

Kaka Athumani 12:56
Unajua inavyoingia.

Shemeji Juma 13:20
Jamani tupunguze jazba, tuongelee gari.

Mwanahawa 13:24
Kweli shemeji. Kwani pasi ya Mama alichukua nani?

Salma Muscat 16:05
Ndo natoka zamu. Ile hela ya rejeta niliyotuma Ramadhani, rejeta ilinunuliwa?

Salma Muscat 16:41
??

Baba Mkubwa 17:22
Asalaam aleykum wanangu. Nimesoma yote. Kadi ya gari ina jina la ndugu yangu, na ndugu yangu hayupo. Mama yenu ametoka eda juzi. Kikao cha ukoo hatujakaa, msimamizi wa mirathi hajateuliwa na mahakama. Mnauza mali ya nani? Madeni ya marehemu hulipwa kwanza. Kisha mama yenu ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, katika gari hilo, na nyinyi kila mmoja hisa yake, wa kiume na wa kike. Isifunguliwe hata nati moja.

Da Zuhura 17:40
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimekusikia. Nilitaka tusipate hasara zaidi. Dalali alisema tuandikishane kwa mwanasheria, kadi ibadilishwe baadaye.

Baba Mkubwa 17:49
Marahaba. Baadaye lini? Akigonga mtu nalo, watakaofuatwa ni nyinyi. Mama yenu mmemuuliza?

Kaka Athumani 18:30
Ndicho nilichokuwa nasema.

Da Zuhura 18:31
Hukusema hivyo.

Da Zuhura 18:45
Basi, tukutane kwa Mama Jumapili baada ya Asri. Cheti cha kifo ninacho. Tuandike muhtasari wa kikao, tupendekeze msimamizi, Jumatatu niende Mahakama ya Mwanzo. Hamisi, litafutie turubai kesho. Nani anakuja Jumapili?

Shemeji Juma 18:52
👍🏾

Salma Muscat 19:10
Mimi kwa simu inshallah. Na rejeta?

Kaka Athumani 20:33
Jumapili nina safari.

Da Zuhura 20:34
Safari ya wapi?

Hamisi 21:15
Da Zuhura, dalali kapiga tena. Anasema 2.4 na kesho anakuja na gari la kuvuta. Nimwambieje?