Msaada: fonti niliyoweka kwenye kisomeo cha Kobo inakubali vitabu vingine, vingine inavigomea

Kurasa_Tupu: Wakuu, nimeshusha fonti ya Literata kutoka Google Fonts, nikafungua zipu na kuweka mafaili mawili kwenye Kobo, ndani ya folda niliyoiita fonts. Jina linaonekana kwenye menyu ya Aa (ya kuchagua fonti), ila herufi nzito hazitofautiani na za kawaida. Halafu vitabu kadhaa vya EPUB (aina ya faili la kitabu cha kidijitali) havibadiliki hata nikiichagua fonti hiyo. Nakosea wapi?

FundiEpub: Mkuu, hayo ni matatizo mawili tofauti. Mafaili mawili maana yake umechukua yale yenye neno VariableFont kwenye jina: faili moja limebeba unene wote, na kisomeo hakijui kuuchambua vizuri. Ndani ya zipu hiyohiyo kuna folda ya static. Chukua manne: Regular, Bold, Italic, BoldItalic, yote ya kipimo kimoja (usichanganye 12pt na 24pt, yatahesabika kama fonti mbili). Yape majina Literata-Regular.ttf, Literata-Bold.ttf na kuendelea. Futa ya zamani, chomoa kwa kutumia eject, si kuvuta waya tu, kisha zima na uwashe.

Bila faili la Italic, kifaa kinalaza herufi za kawaida kwa nguvu. Utaijua tu, "a" inabaki na umbo lilelile la herufi ya kawaida, ila imelazwa.

FundiEpub: Kuhusu vitabu vinavyogoma: CSS ya kitabu (maagizo ya mwonekano wake) imetaja font-family, yaani jina la fonti, kwenye aya zenyewe, na chaguo lako halifiki huko. Fungua Calibre (programu ya kompyuta ya kupanga na kugeuza vitabu) > Convert books > Look & feel > Filter style information, weka tiki Fonts, geuza EPUB kwenda EPUB. Nakala ya awali inabaki kama ORIGINAL_EPUB. Vyenye DRM (kufuli la kuzuia kunakili) havigeuki.

mzee_wa_calibre: Angalizo kwa vitabu vya programu au hesabu: tiki hiyo inafagia hata fonti za msimbo (code) na alama. Vitabu hivyo vifungue kwa Edit book ya Calibre ufute mstari wa font-family wa aya peke yake.

Kurasa_Tupu: Bold imekubali, asanteni. Na kwa KOReader (programu nyingine ya kusomea) je? Nimeweka fonti chaguo-msingi, vitabu vya zamani havifuati.

Nukta12: Haviwezi kufuata. Kila kitabu ulichokwisha kufungua kina folda ya .sdr inayotunza mipangilio yake. Chaguo-msingi ni kwa vipya. Kufuta .sdr kunatibu, lakini ukurasa uliofikia na mistari uliyopigia rangi vinaondoka pia. Afadhali ufungue kitabu na kubadili fonti humohumo.

Kurasa_Tupu: Nabadili kimoja kimoja basi.