Naomba ushauri: nataka kujifunza hati za mapambo, ila vitabu vya zamani na video za sasa vinapingana

Bint Ngamiani (Tanga)

Assalaam alaykum, habari zenu wote.

Niko Tanga mjini. Kazi yangu ni kuandika kwa mkono: majina kwenye kadi za harusi, vyeti vya madrasa, na mabango ya kukaribisha wageni ukumbini. Watu wanaipenda hati yangu, lakini nimejifundisha mwenyewe kwa maka peni, na sasa nataka kuijua kazi hii kwa misingi yake. Nataka herufi za Kilatini na za Kiarabu, maana kadi nyingi za huku zinataka Bismillahi juu na majina ya maharusi chini.

Nimepakua vitabu vya kale vya Kimarekani. Vinasema vidole vitulie, mkono wote utembee kuanzia begani, tena kwa kasi. Nikifungua video, mwalimu anavuta mstari taratibu na ananyanyua kalamu karibu kila mpindo. Wote wawili wanatoa herufi nzuri ajabu. Nimfuate nani? Nianze na vifaa gani kabla sijaagiza vya bei? Na hizo lugha mbili, nijifunze pamoja au moja kwanza?

Mpwa wa Korogwe

Dada, shika video. Vitabu vile ni vya enzi za makarani, leo nani anaandika barua kwa kasi? Utapoteza muda wako.

Mwandika Vyeti

Simkubalii aliyetangulia. Vitabu vile ni vizima kabisa. Ila kabla hujaiga herufi yoyote, uliza kwanza imetolewa na chombo gani.

Hao Wamarekani unaowasoma ni wa njia ya Platt Rogers Spencer, aliyefariki 1864. Hati yake ilikuwa ya watu wa biashara wenye barua nyingi za kumaliza, kwa hiyo kasi ni sehemu ya hati yenyewe: kigasha kinalala mezani, kinateleza juu ya msuli wake, vidole vinafuata tu. Baadaye mafundi kama Louis Madarasz wakaikuza ikawa pambo, herufi kubwa zenye mizunguko mipana. Mizunguko ile haitoki kwa mwendo wa taratibu. Ukisita kidogo mstari unatetemeka, na jicho linaona.

Wa kwenye video anaandika kitu kingine. Uingereza, kati ya 1733 na 1741, George Bickham alitoa The Universal Penman, mkusanyiko wa hati za waandishi 25. Wao waliandika kwa kalamu za manyoya ya bata bukini, lakini kinachoonekana kwenye kurasa zile kimechongwa na Bickham kwenye mabamba ya shaba, ndipo kikapigwa chapa. Mchongaji anaweza kuurudia mstari, akaunenepesha, akausafisha ukingo. Kalamu haina nafasi hiyo. Waandishi wa vyeti vya heshima walipotaka usafi ule wa shaba, ilibidi waijenge herufi kipande kipande: shuka, nyanyua, panda, nyanyua. Kwa hiyo utaratibu wa kwenye video ni sahihi kwa hati ile. Iandike kwa kasi ya Spencer, utaiharibu. Iandike ya Spencer kwa mwendo wa vyeti, utaiua.

Kwa majina ya kadi, mimi ningeanza na ya taratibu. Mlalo wake, yaani jinsi herufi zinavyoinama kulia, ni nyuzi 55 kutoka mstari wa chini. Chora mistari ya mlalo huo kwa penseli ukurasa mzima, usikisie. Nibu, yaani ncha ya chuma ya kuchovya wino, iwe Nikko G ya Kijapani, ni ngumu kidogo na inauvumilia mkono mgeni. Nibu mpya huwa na mafuta ya kiwandani yanayofukuza wino, basi isugue kwa dawa ya meno na uioshe. Kandamiza unaposhuka tu. Ukikandamiza unapopanda, ncha zinachimba karatasi.

Vitabu vingi zaidi utavipata bure kwenye tovuti ya IAMPETH, chama cha waandishi wa hati wa Marekani kilichoanzishwa 1949.

Babu wa Chumbageni

Waalaykum salaam, mwanangu. Nami niseme kuhusu Kiarabu.

Kalamu ya utete haikandamizwi. Unene na wembamba vinatokana na ncha iliyokatwa mshazari na upande ulioielekeza, basi. Mkono uliozoea nibu ya kukandamiza ukihamia kwenye utete bila kulijua hili, unaumiza kalamu na herufi pia.

Jambo la pili ni kipimo. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki 940, ndiye anayetajwa kuwa aliweka kanuni ya kupima herufi kwa nukta. Nukta ni alama ya pembe nne unayoipata kwa kuivuta kidogo kalamu yako mwenyewe. Kalamu ikiwa nene, nukta nayo inanenepa, na vipimo vinabaki sawa. Hati za Kiarabu ni nyingi: alifu ya hati ya thuluthi husimama nukta 7, ya naskhi 5, ya ruqaa 3. Najua utaitamani thuluthi kwa sababu ya Bismillahi. Isubirishe, shika ruqaa au naskhi kwanza. Kitabu cha mazoezi cha Hashim Muhammad al-Baghdadi, aliyefariki 1973, kinaonyesha herufi pamoja na nukta zake, ila kitabu hakitakwambia umekosea wapi. Tafuta mwalimu mwenye hati nzuri, akurekebishie kwa wino mwekundu chini ya mstari wako.

Tena usiishie Baghdad na Istanbul. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki 1945, alikuwa mwandishi, mshairi na mchonga nakshi za mbao. Miswada ya tenzi aliyoiandika iko kwenye chuo kikuu cha SOAS, London, na ipo inayotazamika mtandaoni. Itazame taratibu jinsi beti zinavyokaa ukurasani. Huo ni mkono wa pwani yetu, nao ni mwalimu pia.

Wa Kaole (Bagamoyo)

Nimemwelewa Mwandika Vyeti, ila kwa kadi yenye lugha mbili naona ipo njia fupi zaidi. Dada achague hati ya Kilatini inayotoka kwenye kalamu ya ncha pana, familia moja na utete anaousema Babu. Mwaka 1906 Edward Johnston alichapisha Writing & Illuminating, & Lettering, kitabu kilichorudisha kalamu ile Uingereza baada ya yeye kuchunguza miswada ya kale katika British Museum. Kwenye hati yake ya msingi ncha ya kalamu inaelekezwa nyuzi 30 hivi kutoka mstari, na herufi ndogo zina kimo cha upana wa ncha mara 4. Ukiiweka chini ya naskhi, mistari yote miwili ina unene wa aina moja na kadi inatulia. Hati ya shaba chini ya utete huonekana kama maharusi waliovalishwa na mafundi wasiojuana.

Vifaa vya kuanzia havina gharama. Funga penseli mbili kwa mpira, ncha zilingane, andika nazo herufi kubwa. Mistari miwili itakuonyesha wapi kalamu inanenepesha na wapi inapunguza, bila tone la wino.

Bint Ngamiani

Shikamoo Babu, na asanteni sana nyote. Naanza na penseli mbili na ruqaa, Johnston nimeshampakua. Hati ya shaba nitaifuata mkono ukishatulia, kwa ajili ya vyeti. Swali moja limebaki: kwenye karatasi ya fotokopi wino unatambaa. Nifanyeje?

Babu wa Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Karatasi hiyo inakunywa wino. Waandishi wa kale waliipaka karatasi wanga na ute wa yai, wakaiacha ikauke, kisha wakaisugua mpaka ing'ae. Kwa mazoezi, pika uji mwepesi sana wa wanga, paka upande mmoja kwa kitambaa, ikikauka isugue kwa mgongo wa kauri. Tumia karatasi nzito, nyembamba itajikunja. Na kalamu ya utete ya kwanza utakayoichonga, ipeleke kwa mwalimu kabla hujaandika nayo, aitazame ncha.