Kikundi cha Familia: Hesabu ya Laina Mpya ya Bwawa

Kaka Mkubwa: Shikamooni Baba, Mama na Shangazi. Nimepata makadirio ya mafundi watatu wa hapa Columbus, Marekani, kuhusu kubadilisha laina, yaani shuka la plastiki linalofunika ndani ya bwawa letu la kuogelea, na ningependa tuyajadili kabla bwawa halijafungwa kwa majira ya baridi. Laina iliyopo ina miaka 14, imepauka, na sehemu iliyo juu ya maji imekakamaa kiasi cha kupasuka ikibonyezwa. Niliweka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa ili nilinganishe, na baada ya siku moja maji ya ndoo yalikuwa yamepungua kidogo tu kwa jua, ilhali ya bwawa yalikuwa yameshuka zaidi ya inchi moja, maana yake linavuja.

Shangazi (Mombasa): Marahaba, mwanangu. Nauliza kwa kutojua: mabwawa ya hoteli za huku Nyali ni ya zege na vigae. Hilo lenu limevishwa plastiki kwa nini?

Dada: Shikamoo Shangazi. Kuta zake ni paneli za chuma na sakafu yake ni mchanga uliochanganywa na saruji, kwa hiyo kinachozuia maji ni lile shuka la vinili lililounganishwa kiwandani kwa umbo la bwawa lenyewe, ambalo ukingo wake huchomekwa kwenye reli inayozunguka juu ya ukuta. Ujenzi wa namna hii ni nafuu kuliko wa zege, ila shuka lenyewe halidumu.

Kitinda Mimba: Shikamooni. Je, hatuwezi kulitia kiraka? Viraka vinauzwa, na gundi yake hushika hata chini ya maji.

Kaka Mkubwa: Kiraka kinafaa tundu dogo kwenye laina ambayo bado inanyumbuka. Hii ukiiziba hapa itachanika pale, na maji yanayopita nyuma yake yanaendelea kuchimba sakafu na kuzitia paneli kutu, nayo ni matengenezo ya bei nyingine kabisa.

Makadirio ni haya. Fundi wa kwanza anataka dola 4,900 kwa laina ya unene wa mili 28, yaani takriban milimita 0.7, pamoja na kazi, gasketi (vipande vya kuzuia maji kuvuja kwenye maungio) na fremu mpya za matundu yote ya kupitishia maji. Wa pili anataka dola 4,150 kwa laina ya mili 20, ambayo ni nusu milimita. Wa tatu anataka dola 5,800, sakafu ikiwemo.

Baba: Marahaba, wanangu. Huyo wa pili ana kasoro gani? Dola 750 si fedha za kupuuzwa.

Kaka Mkubwa: Unene peke yake usingenifanya nimkatae, Baba. Tatizo ni kwamba karatasi yake haitaji gasketi wala fremu, na hatujui atadai nini atakapozikuta zimeoza. Pia anajivunia dhamana ya miaka 25, lakini nimeisoma: inahusu mishono ya kiwandani tu, thamani yake hupungua kila mwaka, na haigusi malipo ya fundi. Mimi napendekeza wa kwanza, tukijiongezea wenyewe dola 600 za kuziba mashimo ya sakafu, kwa sababu hali ya sakafu haionekani vizuri mpaka laina ya zamani itolewe.

Dada: Na maji? Hakuna fundi aliyeyataja.

Kaka Mkubwa: Bwawa ni futi 32 kwa 16, na kina chake cha wastani ni futi 5, kwa hiyo linachukua takriban galoni 19,000. Maboza matatu yangetugharimu zaidi ya dola 1,000. Kwa mpira wa bustani unaotoa galoni 9 kwa dakika tutahitaji kama saa 35, na kwa kiwango kilicho kwenye bili ya Mama haifiki dola 250, hata tukitozwa maji taka. Kuna miji inayoondoa tozo ya maji taka kwa anayejaza bwawa akitoa taarifa mapema, basi Mama naomba uwapigie wa idara ya maji uwaulize kama na sisi tunaruhusiwa. Dawa za kurekebisha maji mapya nimezikadiria dola 150.

Kitinda Mimba: Basi mimi nitalikausha bwawa mwenyewe mwezi Aprili, ili fundi alikute tupu na atupunguzie bei.

Kaka Mkubwa: Tafadhali usiliguse. Aprili ardhi imelowa kwa theluji iliyoyeyuka na mvua, na uzito wa maji yaliyo ndani ndio unaozisaidia kuta kuhimili msukumo wa udongo na maji ya ardhini. Bwawa likikaa tupu, paneli zinaweza kubinuka na sakafu kuinuka. Fundi atayatoa maji siku ya kazi yenyewe, klorini ikiwa imeshaisha nguvu, na hayatamwagwa kwenye mfereji wa maji ya mvua. Isitoshe, vinili hunyooka vizuri kukiwa na joto, ndiyo maana nimeomba tarehe ya mwisho wa Mei.

Mama: Wajukuu wanaogelea humo. Hilo tundu la chini lenye mfuniko uliovunjika limo kwenye hesabu?

Dada: Limo katika fremu za fundi wa kwanza, Mama, lakini nitataka aandike wazi aina ya mfuniko. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2007, yenye jina la Virginia Graeme Baker, mtoto aliyekufa mwaka 2002 baada ya kunaswa na mfyonzo wa maji, inataka mifuniko yote inayouzwa Marekani iwe ya kuzuia mtu asinaswe. Kila mfuniko pia una muda wake wa matumizi.

Kaka Mkubwa: Jumla ya fundi, sakafu, maji na dawa (4,900, 600, 250 na 150) ni dola 5,900, na nikiongeza asilimia kumi ya dharura tunafika 6,490, tuseme 6,500. Baba ameshatenga 1,500. Mimi, Dada na Kaka wa Pili tutatoa dola 250 kila mwezi, Novemba hadi Aprili, ambazo ni 4,500. Kitinda Mimba, kwa kuwa bado unasoma, utatoa 500 kufikia mwisho wa Aprili. Fundi anadai nusu ya malipo kama arubuni mwezi Machi, kwa sababu laina ikishakatwa kwa vipimo vyetu hairudishwi, na kufikia wakati huo tutakuwa nazo.

Kaka wa Pili: Shikamooni, nilikuwa kazini. Nimekubali, ila dola 590 za dharura zisiguswe bila wote kuarifiwa hapa.

Baba: Na zikibaki, zikae kwa ajili ya pampu, maana nayo imeanza kupiga kelele. Mwambieni fundi wa kwanza aje kupima Jumamosi, maji yakiwa bado ndani.