Nina dola 8,500 na nataka leseni ya rubani binafsi. Nianzie wapi nikiwa Lubumbashi?

mtoto_wa_Ruashi

Habari zenu wakubwa na wadogo. Nina miaka 29, ni fundi umeme wa malori makubwa ya mgodi. Naingia kazini wiki mbili, napumzika wiki moja. Nina mke na mtoto mmoja. Tangu utotoni ndege zinazoshuka uwanja wa ndege wa Luano zinapita juu ya mabati yetu, na hadi leo nikisikia injini naacha sahani ya bukari natoka uani kuangalia. Sitafuti kazi kwenye kampuni ya ndege, angalau si sasa. Nataka kurusha ndege ndogo mwenyewe, kihalali.

Akiba hii nimeiweka kwa miaka minne. Shule moja ya nchi ya nje niliyoongea nayo kwa WhatsApp inasema nikilipa dola 8,000 zote kabla ya mwisho wa mwezi watanimaliza kwa miezi miwili. Kinachonitatiza ni kwamba navaa miwani, Kiingereza changu bado ni cha kuombea maji, na mke wangu ananiuliza hiyo leseni itatuletea nini nyumbani. Sijampa jibu. Nipeni mawazo, nitasoma yote.

njia_ya_Kasumbalesa

Kaka, kwa pesa hiyo tafuta minibus, weka barabara ya Likasi. Rubani binafsi haruhusiwi kulipwa kwa kurusha ndege, hiyo ni sheria. Mkeo ameuliza swali la maana.

bendera_ya_upepo

Mdogo wangu, usilipe. Nakwambia hivyo kabla hata ya salamu.

Leseni hii niliipatia Afrika Kusini. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka saa 40 za kuruka, au 35 kama kozi ya shule imeidhinishwa. Ndani yake kuna saa 10 za kuruka peke yako, na safari moja ya angalau kilomita 270 ukitua kwenye viwanja viwili tofauti. Hizo 40 ndizo wanazozitangaza. Mimi nilimaliza na saa 57, na mwalimu hakuniona mzito. Kuna siku mawingu yanakaa chini hadi jioni, kuna wiki ndege iko gereji, na ukikaa siku kumi bila kuruka mikono inasahau, saa nzima inaliwa na kukumbuka. Nililipa dola 170 kwa saa, mwalimu akiwemo. Piga 57 mara 170: 9,690. Hapo hujalala, hujala, hujalipa mitihani wala daktari.

Kwa hiyo 8,500 ni pesa ya kuanzia. Kusanya mwaka mmoja zaidi, uombe likizo ndefu, kisha uruke mara nne kwa wiki. Ukisema uruke kila wiki yako ya mapumziko tu, utalipia somo lile lile mara mbili.

Fanya daktari kwanza. Lazima awe daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga, na cheti cha afya unachohitaji ni cha daraja la pili. Ukiwa chini ya miaka 40, kwa kanuni za ICAO kinaweza kudumu hadi miezi 60. Nilikutana na kijana aliyelipa ada yote halafu akakwama kwenye vile vitabu vya vidoto vya kupima kama macho yanatofautisha rangi.

yaya_wa_Kampemba

Mdogo wangu, naomba usome hili polepole. Mwaka mmoja nililipa ada yote mkupuo mmoja kwenye shule ambayo sitaitaja. Nao waliniambia punguzo linaisha mwisho wa mwezi. Niliruka saa 11. Kisha ndege moja ikaenda matengenezo, ya pili ikawa haina bima, simu zikaacha kupokelewa. Pesa ile ilikuwa ya kiwanja alichoniachia marehemu baba. Sikurudishiwa hata senti.

Nilianza upya baada ya miaka mitatu, shule nyingine, na huko nilikuwa naweka pesa ya saa tano, nazitumia, naweka tena. Shule nzuri haikasiriki ukiomba hivyo. Omba pia wakutajie namba za usajili za ndege zao, uende uzione kwa macho zikiruka. Shule yenye ndege moja tu, ikiharibika na wewe umesimama.

muuguzi_Lshi

Miwani si kizuizi. Wanapima unavyoona ukiwa umeivaa, na ukiruka unabeba ya akiba. Rangi ndizo za kuangalia, na unaweza kupimwa hapa hapa mjini kwa daktari wa macho kabla ya kutumia nauli.

mtoto_wa_Ruashi

Asanteni sana. Yaya wa Kampemba, pole kwa kiwanja cha baba, imeniuma. Nimewaandikia wale wa WhatsApp kwamba nitalipa saa tano tano. Tangu jana hawajajibu. Bendera, Kiingereza nifanyeje? Na leseni ya nje inatumika huku kwetu?

bendera_ya_upepo

Ukimya wao ni jibu.

Kiingereza cha redio unahitaji kiwango cha 4 cha ICAO, na kinapimwa upya kila baada ya miaka mitatu. Huku kwetu mnara wa kuongozea ndege unaongea Kifaransa pia, lakini ukisomea nje kama Afrika Kusini, mwalimu, vitabu na mitihani yote ni Kiingereza, kuanzia hali ya hewa hadi sheria za anga. Huo mwaka wa kukusanya pesa uwe pia mwaka wa Kiingereza. Wa kuitambua leseni ya nje ni AAC, mamlaka ya anga ya Kongo, wala si RVA. RVA wana viwanja na mnara.

Jambo ambalo watu wa huku wanalisahau: Luano iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Mwezi wa kumi, joto likifika digrii 33, hewa ni nyepesi kana kwamba uko mita 2,200. Ndege ndogo ya Cessna 172 yenye watu wanne na matangi yaliyojaa inakimbia, inakimbia, na miti ya mwisho wa uwanja inakuja. Ukijifunzia pwani, injini inakupa nguvu ambazo hutazikuta nyumbani. Chagua shule ya nyanda za juu kama unaweza. Na mwezi wa nane na wa tisa, moshi wa mashamba yanayochomwa unafunika kila kitu, wakati wewe unaruka kwa kuangalia nje kwa macho.

Kuhusu mama mtoto, mwambie kweli: haitaleta hata franka. Mke wangu nilimwambia hivyo, akanuna wiki, kisha akauliza tutatoa kiasi gani kwa mwezi bila kugusa ada ya watoto. Hapo ndipo tulipoanza kupanga.

Siku yako ya kwanza watakupa kikombe cha plastiki angavu, uingize chini ya bawa, uchote mafuta. Yawe ya buluu. Ukiona tone limekaa chini bila rangi, hayo ni maji, mwaga, chota tena. Wewe ni fundi, hutaharakisha. Na siku mwalimu atakaposhuka akufungie mlango, ndege itapaa mapema kuliko ulivyozoea, maana uzito wake haupo. Nilitazama kiti chake kitupu mara moja tu, nikarudisha macho mbele.

njia_ya_Kasumbalesa

Sikubadilisha mawazo kuhusu minibus, lakini hicho kikombe nimekielewa. Kila la heri, kaka.

mtoto_wa_Ruashi

Nimempa mke wangu asome uzi wote. Alikaa kwenye ujumbe wa yaya muda mrefu. Tumekubaliana dola 150 kwa mwezi, na ile 8,500 haiguswi. Alhamisi naenda kupimwa rangi, nitaleta matokeo hapa.